Vitambaa Sitini Vyekundu

Kambi ya Utafiti, Gendabi,
Hanang.
14 Juni 1982

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Na Mama mpe shikamoo yake, ambayo najua ataipokea huku akiuliza kama ninakula. Ninakula. Mpishi wetu Alfredi hupika ugali mara mbili kwa siku na maharage mara mbili kwa siku, na ameapa kwamba Jumapili moja atatushangaza. Jumapili mbili zimepita na bado hatujashangaa.

Uliponisindikiza stendi pale Mbulu nilikuambia nakwenda Hanang kwa masomo ya vitendo, ukaridhika, nami nikaona haya kuongeza neno. Sasa naongeza. Baba, binti yako, mwanafunzi wa zuolojia wa Chuo Kikuu, anakamata panya.

Usiweke barua chini! Nisikilize kwanza. Nchi hii imegeuza maelfu ya ekari za nyasi kuwa ngano, na ngano ni chakula cha taifa, sibishani na mkate. Lakini ni nani aliyehesabu viumbe waliokuwa wakiishi katika nyasi zile kabla ya plau? Vitabu tunavyosomeshwa viliandikwa na wageni waliopita hapa kwa majuma mawili, wakiwa na wapagazi arobaini na mvinyo masandukuni. Je, hata panya wetu tuendelee kusimuliwa na wengine? Hapana! Orodha hii tutaiandika sisi, kwa mikono yetu, nayo mikono hiyo kwa sasa inanuka dawa ya kuhifadhia maiti hata tukinywa chai.

Tunaamka ukungu ukiwa bado umeukalia mlima. Tunazunguka mitego, tunarudi na mifuko, tunapima urefu wa mwili, mkia, mguu wa nyuma na sikio, kisha tunachuna. Ngozi tunainyunyizia unga wa mahindi ili ukaushe mafuta, kwa sababu hiyo Alfredi ameufungia unga wake kwa kufuli. Halafu tunaijaza pamba, tunaishona na kuibandika ubaoni kwa pini ikauke. Bwana Gervasi, fundi wetu kutoka makumbusho, humaliza panya mmoja kwa dakika kumi na mbili. Mimi natumia arobaini, na panya wangu akishakamilika hufanana na soksi.

Sasa jambo lenyewe. Tuko wanafunzi watano na mwanamke ni mimi peke yangu. Tangu tufike nilikuwa nimewekwa hemani kuandika vibandiko vya wenzangu, ati mwandiko wangu ni mzuri. Nilisimama mbele ya Dokta Kasian, kiongozi wa msafara, nikamhutubia juu ya usawa kwa dakika ishirini. Akanywa chai yake mpaka tone la mwisho, akasema: "Haya Severina, chukua mstari wa mitego sitini mbugani, kuanzia tarehe kumi na sita. Siku kumi na mbili, wanyama thelathini. Ukishindwa, unarudi hemani na mstari wako nampa mwenzako Joakimu." Unaelewa uzito wake, Baba. Bila mstari wangu mwenyewe sina tasnifu, na bila tasnifu siwezi kuhitimu.

Lakini sitashindwa. Wenzangu hufunga fundo la nyasi kando ya kila mtego ili wauone asubuhi. Mimi nimeukataa unyonge huo wa alama. Nimeichana kanga yangu nyekundu vipande sitini, nikavifunga juu ya vijiti vilivyonyooka, na kesho kutwa vitapepea chini ya mlima kama maandamano ya Mei Mosi. Laiti ungeviona!

Ni mimi mwanao,
Severina

N.B. Pamba inatuishia na Katesh haipatikani. Kama Mama ana yoyote ya ziada, aitume kwa gari la misheni.


Tumati,
17 Juni 1982

Mwanangu Severina,

Marahaba. Tumsifu Yesu Kristo.

Barua nimeisoma mara mbili. Mara moja kimya na mara moja kwa sauti. Ile ya sauti, panya niliwaruka. Mama yako akasikia mlima, usawa na maharage, halafu ghafla akasikia pamba. Akauliza nani ameumia. Nikasema hakuna. Akauliza, mbona pamba. Nikaikunja barua. Alilia kidogo, kisha akachana godoro. Unaletewa kifurushi. Ukiandika, sema aliyeumia anaendelea vizuri.

Mahindi yamekomaa. Padri amekusalimu. Sikumwambia unafanya nini.

Neno moja. Vile vitambaa viondoe. Funga nyasi kama wenzako. Usiulize.

Baba yako,
Ignasi Tluway


Gendabi,
21 Juni 1982

Baba,

Shikamoo. Mwambie Mama pamba imefika na nimeibusu. Aliyeumia anaendelea vizuri, ingawa mkia wake umekatika.

Lakini Baba! "Usiulize"? Tangu lini wewe, uliyenifundisha kusoma kwa kunilazimisha niulize maana ya kila neno la katekisimu, ukaniambia nisiulize? Nimelipima agizo lako usiku na mchana, na sikupata ndani yake ila hofu. Unaogopa rangi. Unaogopa mtu wa ofisini apite na gari, aone nyekundu, aulize jina la baba wa msichana huyu. Nakuelewa, nakuheshimu, na nakukatalia. Kizazi chenu kilifundishwa kuinamisha kichwa mbele ya kofia ya bwana shauri. Kizazi chetu kitafunga kitambaa juu ya kijiti na kukiacha kipepee!

Hata hivyo, nina adui. Siku ya tatu niliamka na kukuta vitambaa ishirini vimeng'olewa. Siku ya nne, thelathini na vinane. Mitego haikuibwa, Baba: ilikuwa imepangwa pembeni katika rundo nadhifu, mmoja juu ya mwingine. Ni mhujumu gani huyu mwenye adabu? Namshuku Joakimu, anayeutamani mstari wangu. Bura, mlinzi wa kambi, nilipomwuliza kama ameona nyayo alikuna kidevu na kusema, "Dada, nyayo ni nyingi sana." Jibu la mtu anayeficha jambo.

Siku tano, wanyama tisa. Jibu langu ni moja: nimechana kanga ya pili, na vijiti nimevirefusha.

Jirani yangu wa karibu ni Mzee Gidamis, mfugaji wa Kibarabaig, mwenye boma hatua mia tatu kutoka kwenye mstari. Tangu juzi naona watu wake wanashusha miti ya paa na kuwafungia punda vibuyu. Nadhani ni msimu wao wa kuhama. Niliwapungia mkono. Hawakunipungia.

Mwanao asiyeinama,
Severina


Gendabi,
25 Juni 1982

Baba,

Shikamoo. Leo sina hotuba. Nilikuwa nayo, ikaisha jana mbele ya watu, nawe utaipata hapa jinsi ilivyoisha.

Jana asubuhi tukiwa kwenye chai walikuja wazee kumi na mmoja, shuka mabegani na fimbo mikononi, Mzee Gidamis mbele. Nyuma yao wanawake. Hawakuketi. Dokta Kasian aliwaamkia, nasi sote tukawaamkia. Mzee akaitikia, kisha akaninyooshea fimbo mimi. Anajua Kiiraqw kama mimi na wewe, ila siku hiyo alitaka kila mtu asikie, akazungumza lugha yake na Bura akatafsiri.

"Huyu ndiye mwenye shamba?"

"Shamba gani, mzee?" nikauliza.

"Hili lako. Linaanzia wapi na linaishia wapi?"

Nikasema sina shamba. Akanitazama kwa subira, kama unavyomtazama mtoto aliyefumaniwa na sukari mdomoni.

"Mara ile vilikuja vitambaa vyeupe," akasema. "Tukangoja tuone. Baada ya vitambaa likaja trekta. Sasa vimekuja vyekundu. Tukaving'oa taratibu, vyuma vyako tukakupangia, tukasema labda ataelewa. Kesho yake ukaweka virefu zaidi! Tukasema basi, binti huyu ana haraka. Tumeanza kubomoa. Tunataka tu kujua trekta linakuja lini, tusibomoe usiku."

Baba! Mimi! Mimi niliyeandamana chuoni Mlimani kwa ajili ya haki ya mzalishaji mdogo, nilikuwa nimemfanya mzalishaji mdogo abomoe nyumba yake kwa kanga yangu mwenyewe!

Nikapanda juu ya sanduku la mitego. Nikazungumza. Nikaanzia ukoloni, nikapitia ugawaji wa ardhi, nikagusa wajibu wa msomi kwa umma uliomsomesha, nikamaliza kwa kuomba radhi katika sentensi yenye vituo sita. Wenzangu walipiga makofi. Nikamgeukia Bura atafsiri. Bura akakohoa, akasema maneno matatu, akanyamaza.

"Umesema nini?"

"Nimesema ni ya panya."

Mzee akainama kwa Bura. "Mwulize tena. Panya anagawiwa ardhi?"

Basi nikashuka kwenye sanduku, nikaingia hemani, nikaleta ubao wa ngozi nikauweka chini mbele yao. Panya kumi na mmoja, mikono mbele, karatasi mguuni. Wazee wakachutama. Mmoja akahesabu. Kisha mke wa Mzee Gidamis akasogea, mama mrefu mwenye sketi ya ngozi iliyolainishwa mpaka inatiririka kama kitambaa, kila mshono umenyooka. Akamchukua yule panya wangu anayefanana na soksi, akamgeuza, akaukagua mshono kwa kucha, akaunusa unga.

"Sketi ya nani hii?" akauliza.

Bura aliitafsiri huku ameshaanza kukatika mbavu kwa kicheko. Baba, kambi ilianguka. Mzee Gidamis alishikilia fimbo kwa mikono miwili asidondoke. Dokta Kasian alifuta machozi kwa ramani. Alfredi aliungua kidole. Nami nilicheka mpaka mama yule akanipigapiga mgongoni, akaketi kando yangu, akaniomba wembe ili anionyeshe jinsi mtu anavyochuna ngozi bila kuitesa.

Vitambaa nimeviondoa mwenyewe, vyote sitini, wanawake wakihesabu kwa sauti nyuma yangu na kuzomea kila kimoja kwa furaha. Mmoja amejifunga vinne kiunoni. Lakini mstari umekwama. Nina wanyama kumi na mmoja, asubuhi zilizobaki ni tatu, na Joakimu ameanza kunichukulia mitego yangu vipimo kwa macho.

Jambo la mwisho, na hili nakuuliza ingawa umesema nisiulize. Walipokuwa wakiaga, Mzee aliniuliza kwa Kiiraqw mimi ni binti wa nani. Nikamwambia, wa Ignasi Tluway wa Tumati. Akasimama.

"Ignasi mwenye kovu kwenye kidole gumba?"

"Ndiye."

"Mwambie ng'ombe wake alizaa mara nane," akasema, akaondoka.

Baba, ng'ombe gani?

Severina


Tumati,
24 Juni 1982

Mwanangu,

Barua yako ya tarehe ishirini na moja imefika leo. Kwa hiyo umekataa. Nilijua. Ningekuwa nimekuandikia sababu tangu mwanzo tusingefika hapa, na kosa ni langu.

Umesema naogopa rangi. Siogopi rangi, Severina. Naogopa kijiti.

Mwaka wa sabini wapimaji wa mashamba ya ngano walikuja kutafuta watu wenye nguvu. Nilikwenda. Kazi yangu ilikuwa kubeba vijiti, kuvigonga chini na kufunga kitambaa cheupe juu. Miezi mitatu. Kidole hiki nilikiponda huko kwa nyundo. Nyinyi niliwaambia ni mlango wa kanisa. Kazi ile ndiyo iliyokupeleka shule ya bweni.

Bondeni huko nilikuwa na rafiki, Gidamis. Alikuwa anakaa na mtamba wangu katika zizi lake, kama watu wa huku juu na wa huko chini tulivyozoea kuwekeana mifugo. Nilikuwa nikienda kila baada ya mavuno, nalala kwake, tunakunywa maziwa. Asubuhi moja mstari wa wapimaji ulipita mbele ya lango lake. Nikagonga kijiti, na kidole pamoja nacho. Akatoka. Aliniangalia mimi, nami nikaangalia nyundo. Hatukusalimiana. Sikurudi tena, na ng'ombe sikumdai. Boma lake alilihamishia hapo alipo sasa. Hao punda hawafungiwi vibuyu kwa ajili ya msimu, mwanangu. Anahama kwa sababu yako, kama alivyohama kwa sababu yangu.

Unaposimama hapa nyumbani likizo ukituhutubia juu ya wafugaji, mimi hutoka nje kuangalia mbuzi. Ulidhani sijali. Sikuwa na uso wa kukusikiliza.

Nenda kwake leo. Ondoa vitambaa mbele yake. Ukikosa hao wanyama thelathini, njoo nyumbani, kuna kazi.

Baba yako,
Ignasi


Gendabi,
29 Juni 1982

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo, na shikamoo tena.

Barua zetu zimepishana njiani. Yako imenifikia baada ya vitambaa kutoka, nimeisoma nikiwa nimekaa juu ya sanduku lile lile la hotuba. Nilitaka kukuandikia kurasa nne juu ya mtu na mfumo, juu ya mkono na nyundo. Nimezichana. Miaka yote nilidhani unatoka kuangalia mbuzi kwa sababu hotuba zangu zinakuchosha. Ningejua, ningetoka nikaangalie mbuzi pamoja na wewe. Ni hayo tu, na sina neno la fahari la kuyapambia.

Sasa sikia habari njema! Jioni ile ile ya tarehe ishirini na tano mke wa Mzee Gidamis alikuja na wanawake wengine watano. Akaniuliza kwa nini nawatafuta panya mahali ambapo hakuna panya. Nikamwambia mstari lazima uwe mnyoofu, ndivyo kitabu kinavyosema. Akasema panya hajasoma. Akanipeleka kwenye mazizi ya zamani, yale waliyoyahama miaka iliyopita, ambako samadi imeotesha nyasi hadi kiunoni. Baba, ardhi ile ina matundu kama chujio! Dokta Kasian alikuja kuona, akaandika daftarini ukurasa mzima, akasema mazizi hayo yana tasnifu zaidi ndani yake kuliko mstari wangu mnyoofu.

Tukagawana. Kila mwanamke mitego kumi. Alama? Hakuna kitambaa, hata nyasi hawakufunga. "Wangu uko kwenye kichaka alichokivunja fahali." "Wangu pale alipong'atwa yule mpumbavu na nyuki." Asubuhi haukupotea hata mmoja. Walikuja na fimbo na vicheko, kila mtu akikimbilia mitego yake, na aliyekuta mtupu anazomewa mpaka kambini. Asubuhi ya kwanza tulipata sita. Ya pili nane. Ya tatu, jana, ndiyo ya mwisho, nilikuwa na ishirini na watano tu.

Tulipata saba! Wa thelathini ni yule panya mrukaji mwenye shungi mkiani ambaye Bwana Gervasi amemtafuta tangu tufike. Ameingia mtego wa mke wa Mzee Gidamis, na mama huyo sasa hasemezeki kwa majivuno. Dokta Kasian alihesabu mara mbili, kisha akamwita Joakimu, akampa kalamu na vibandiko, akamwambia mwandiko wake unahitaji mazoezi.

Kwenye kibandiko kuna mstari wa mahali. Wenzangu huandika umbali kutoka ofisi ya mashamba. Mimi nimeandika, katika vyote ishirini na kimoja vya siku hizo tatu: "Mazizi ya Gidamis." Dokta aliisoma, akasema, "Ndivyo watu wanavyopaita?" Nikasema ndivyo. Akatia sahihi.

Na paa la boma limerudi juu. Nilishika mti mmoja mwenyewe, nikaambiwa naushika kama kalamu.

Ng'ombe wako alikufa kwa uzee, Baba, lakini uzao wake uko zizini, saba, wote wana lile doa jeupe la begani. Mzee hakusema uje. Alisema tu kwamba gari la misheni linapita Jumamosi na kwamba halijajaa.

Mwanao,
Severina


Gendabi,
4 Julai 1982

Mke wangu Getruda,

Nimefika salama. Naandika nikiwa kambini kwa binti yako. Amekonda kidogo, sauti haijakonda.

Kwanza, hakuna aliyeumia. Hakuna aliyewahi kuumia. Pamba ya godoro letu imo ndani ya panya. Nimewaona kwa macho yangu, thelathini na wawili, wamelazwa safu kwa safu kama watoto siku ya komunio ya kwanza. Wanakwenda kukaa makumbusho. Severina anasema ukilala vibaya ujue unalala vibaya kwa ajili ya taifa. Nimemwambia akueleze mwenyewe.

Pili, kuna jambo nililokuficha kuhusu kidole changu. Nikirudi nitakuambia, na Severina ameshalijua.

Nilikwenda kwa Gidamis. Maneno nilikuwa nimeyapanga tangu Tumati. Alikuwa amesimama langoni. Nikafungua mdomo, akasema, "Umechelewa. Maziwa yako yamepoa miaka kumi na miwili." Akanipa kibuyu. Nikanywa. Yale maneno mengine sijui yalikwenda wapi.

Ng'ombe wapo saba. Akasema nichague wa kuondoka nao. Nimepita kati yao, nimewagusa wote begani, nimewaacha palepale. Nimemwambia nikiwachukua nitakosa sababu ya kurudi. Akasema nilikuwa mjinga tangu zamani, akacheka, nami nikacheka, mke wake akatoka kuuliza wanaume hawa wana nini.

Jioni Severina alinipa mtego mmoja niuweke popote nipendapo. Nikauweka mbele ya lango la Gidamis. Alisimama juu yangu akiangalia mikono yangu. Sikugonga kitu. Nikafunga fundo la nyasi, nikainuka. Akasema, "Sasa umejua kazi."

Asubuhi tulikwenda pamoja kuutazama, wazee wawili tumeinama kama tunaotafuta sindano. Ulikuwa mtupu. Amenizomea mpaka kambini.

Mume wako,
Ignasi

N.B. Bwana Gervasi amepata wanyama wengine mlimani. Severina anauliza kama una mto usioutumia.